Sauti Zilizofungiwa Kakesio

Endamarariek, Karatu
11 Februari 2024

Ndugu yangu Parmuat,

Usishtuke kuona karatasi. Simu yangu imekufa. Ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya ndama, na Issa, yule fundi wa simu pale Karatu mjini, aliifungua, akaipuliza, akaniambia nikaizike. Nimenunua nyingine. Kupiga inapiga, lakini lile sanduku letu halimo ndani yake, na halitaingia tena. Nitaeleza kwa utaratibu ili mwanao Nolari akusomee bila kurudiarudia.

Unakumbuka ni Issa aliyetuwekea ile programu ya sanduku, mimi na wewe, siku uliyokuja kuuza mafahali. Sauti uliyoiweka sandukuni huko kwako niliisikia huku kwangu, na mtu mwingine yeyote, hata kampuni yenyewe, hakuweza kuisikia. Sasa kampuni imeandika kwamba haitauza wala kuihudumia tena programu hiyo katika nchi yetu. Sababu haikuitaja. Imeondolewa kwenye duka la simu, ukiitafuta huioni. Nilimuuliza Issa kama hawezi kupita pembeni, kwa ile VPN ambayo vijana waliitumia simu zao zionekane ziko nchi nyingine. Akatazama mlangoni kwanza.

"Mwalimu, VPN siku hizi inasajiliwa. Unaeleza wewe ni nani na unaitaka ya nini. Pale kwenye kioo niliandika 'Tunaweka VPN' kwa rangi nyekundu. Juzi nimekwangua kwa kisu. Ukitaka chaja, chaja ninazo."

Kwa hiyo simu yako ndiyo pekee iliyobaki na sanduku. Kampuni inasema itatunza yaliyomo hadi tarehe 30 Juni, kisha yatafutwa. Anayetaka vitu vyake avitoe kabla ya hapo. Lakini vikitoka vinatoka wazi, bila kufuli, na yeyote atakayevishika atavisikiliza.

Ninakuomba uvitoe. Unajua mlimo nini kuliko mimi: sauti za wazee uliowazungukia miaka yote hii, kila mmoja akieleza boma lao lilikuwa wapi kule chini kreta kabla hatujahamishwa kupisha hifadhi, nani alilazwa wapi, na njia wanazopita mpaka leo kwenda kumwaga maziwa walipolala mama zao, mahali ambapo hawaruhusiwi kukanyaga. Kwa ajili ya njia hizo tuliweka kufuli. Naelewa. Ila zikifutwa, hakuna mahali pengine zilipo.

Barua hii inakuja na Omary, mfanyabiashara wa majani ya chai na shuka anayekwenda mnada wa Endulen. Nijibu kwa mkono wake huyohuyo, haya tusiyaongee kwa simu. Neno la kufungulia unalijua. Usiliandike popote.

Germana anakusalimu, wewe na shemeji. Mbaazi zimechanua.

Kaka yako,
Tajewo


Kakesio
3 Machi 2024

Kaka,

Sopa. Nolari anaandika, mimi naongea, na nimemwambia asirekebishe kitu. (Narekebisha kidogo tu, Baba mkubwa. Shikamoo. N.)

Kwanza nimecheka mpaka nikakohoa. Mmaasai mzima simu yake inafia kwenye maji ya ndama mmoja! Ungekuwa na ndama wa kujaza zizi ningekuelewa. Umekuwa Mmbulu kabisa, unaniletea habari za mbaazi. Mbaazi inakamuliwa?

Sasa habari ya sanduku. Wewe unasema nitoe. Mimi niliwaambia nini wale wazee? Bibi yule, Koko Nairoshi, alinifukuza mara ya kwanza, akanifukuza mara ya pili. Niliporudi tena akauliza, "Hicho kitu kina masikio mangapi?" Nikamwambia mawili tu, langu na la kaka yangu mwalimu. "Mwalimu yule aliyeoa mkulima?" Nikasema huyohuyo. Akasema, "Basi huyo hana wa kumwambia." Ndipo akaongea mpaka maziwa yaliyokuwa kwenye kibuyu yakaganda.

Niliwaahidi, Kaka. Mmoja mmoja. Sasa nikawaambie kwamba masikio yamekuwa ya nchi nzima kwa sababu mzungu fulani amefunga duka lake? Wewe ungekubali? Unakubali kwa sababu njia zako wewe zinaishia kanisani na shambani. Mtu akizifuata atakuta ibada na majembe.

Usikasirike. Mvua ikipita nitawazungukia tena niwaulize. Wakisema ndiyo, nitatoa. Wakisema hapana, zife. Sasa hivi kifua kinanisumbua, ni baridi hii ya asubuhi. Mama Nolari ananichemshia mizizi michungu mpaka ng'ombe wananikimbia.

Halafu kuna jambo. Wiki moja kabla ya barua yako niliweka sandukuni sauti ya kwako wewe. Nilidhani umeisikia, nikashangaa huna jibu. Kumbe imekaa tu humo. Usiniulize ni nini. Si ya kuandikwa na mtoto. Utaisikia.

Mdogo wako,
Parmuat
(Imeandikwa na Nolari Parmuat)


Endamarariek
7 Aprili 2024

Parmuat,

Mvua hii haina adabu. Imechukua nusu ya mahindi ya Qamara, jirani yangu wa bondeni, na barabara ya kwenda geti la hifadhi imekatika mara mbili. Omary anasema akifika Endulen ataiacha barua hii kwa mtu wa pikipiki. Ikichelewa, usinilaumu.

Nimeyasoma maneno yako na nimeyafikiria kwa uzito wake. Umesema uliwaahidi. Ni kweli. Lakini uliwaahidi kuyatunza, si kuyaficha tu. Jambo likifutwa halijatunzwa. Sitaki kubishana nawe kama tulivyokuwa tukibishana kuhusu mahali ulipokuwa mlango wa boma letu, wewe ukisema ulitazama ziwani na mimi nikisema mlimani. Napendekeza hivi: zisikilize tena, utoe zile sehemu zinazoeleza maboma peke yake, na zile za njia uziache zifutwe. Hapo hakuna atakayekamatwa, na wajukuu watajua walikotoka.

Usingoje mvua ipite. Juni ni karibu kuliko unavyofikiri.

Kifua hicho kisizoeleke. Njoo upimwe huku Karatu. Utalala kwangu, Germana atakupikia, na utapata nafasi ya kuzicheka mbaazi ukiwa unazila.

Na hiyo sauti yangu, nidokeze basi. Ni jambo jema au baya?

Tajewo


Kakesio
19 Mei 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Barua yako ya Aprili ilikaa Endulen kwa sababu ya matope. Nimeipata jana. Nimeisoma peke yangu.

Uliyemwandikia hayupo. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili. Tulijaribu kukupigia siku ile na siku zilizofuata, lakini mnara ulikuwa umepigwa na radi na mtandao haukuwepo hata mlimani. Kijana tuliyemtuma kwa miguu alikuta mto umejaa, akarudi. Kilikuwa kifua. Ilikuwa asubuhi, ng'ombe walikuwa bado hawajatoka. Watu wa rika lake walikuwepo, wakamlaza akitazama mashariki. Yote yalifanyika inavyotakiwa.

Ng'ombe hawajambo. Majani ni mengi mwaka huu. Nimerudi shuleni kufundisha, darasa la nne na la tano pamoja, maana mwalimu mwenzangu amehamishwa.

Simu yake ninayo mimi. Katika siku zile hakuna aliyekumbuka kuichaji, ikazima. Nilipoiwasha, sanduku likauliza neno. Alikuwa akiliandika mwenyewe huku amegeukia ukuta. Mama anasema hajui. Wewe unalijua. Tafadhali niletee.

Mvua imepita. Alisema angewazungukia wale wazee mvua ikipita. Nitawazungukia mimi.

Nolari


Endamarariek
26 Mei 2024

Mwanangu Nolari,

Barua yako nimeipata kwa Omary, pale dukani kwake. Niliisoma nimesimama. Nikaikunja, nikanunua chumvi na kiberiti, nikarudi nyumbani. Germana akaniuliza kwa nini nimenunua chumvi wakati ipo ya kutosha. Ndipo nikamwambia.

Tangu hapo nafanya kazi zangu kama kawaida. Nimepalilia. Nimekwenda kwenye mkutano wa maji. Watu wananipa pole na mimi nashukuru. Ni kama mtu anayeoga kwa maji yasiyo ya baridi wala ya moto.

Nimeona ulivyotia saini. Siku zote umeandika majina mawili, lako na la baba yako, kama vyeti vinavyotaka. Sasa limebaki moja. Nimeona pia kwamba katika barua nzima hukumtaja. Ni sawa. Ndivyo na mimi nilivyolelewa: mtu akiondoka, jina lake tunaliacha liondoke naye. Tukiliita, atageuka.

Sasa nisikilize kuhusu neno. Siku ya kulichagua Issa alituambia tuweke kitu ambacho hakimo kwenye kitambulisho chochote. Jina la baba yetu lisingewezekana, alikwisha kwenda. Tukasema litumike la mtu aliye hai. Tukachukua jina la utotoni la baba yako, lile tulilomwita nyumbani kabla ya sherehe ya kumpa jina lake la ukubwani. Cheti hakilijui, wala watoto wake hamlijui, na waliomwita hivyo wote wamekwenda isipokuwa mimi. Alicheka sana. Alisema hilo hatalisahau hata akizeeka.

Hatukuwaza kwamba siku moja halitakuwa jina la aliye hai. Watu wazima wawili, mmoja mwalimu, tumekaa kwenye benchi la duka la simu tukijisifu kwamba tumepata kufuli lisilovunjika.

Nimejaribu kuliandika hapa chini. Karatasi unayosoma si ya kwanza. Nipe siku chache.

Mpe mama yako pole yangu. Sijui nimwambie nini zaidi ya hilo.

Baba yako mkubwa,
Tajewo


Kakesio
9 Juni 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Siku chache zimepita. Nimengoja mnada, na mnada uliofuata.

Nimewazungukia wazee. Niliwaeleza kama ulivyoeleza kwenye ile barua ya kwanza: kampuni imeondoka, kufuli limeondoka nayo, sauti zikitoka zitakuwa wazi, zisipotoka zitafutwa. Nilifikiri watakataa.

Koko Nairoshi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Toa." Nikamkumbusha zile njia. "Nilificha nilipokuwa na miguu. Sasa waje wanikamate. Watanibeba wao. Nitawaomba wanipitishe kreta tukiwa njiani." Nikamuuliza kama angeweza kuongea upya, niandike tu kwa kalamu. Akanionyesha kifua chake. "Pumzi hiyo nimeshaitumia, mwanangu. Imo humo kwenye simu."

Mzee Supeet alisema zake nizitoe zote isipokuwa mahali alipomsema shemeji yake, kwa sababu wamepatana. Nikamwambia siwezi kujua ni wapi mpaka nisikilize. "Utapajua," akasema. "Nimetukana."

Wale waliohamia mbali niliwapigia kutoka mlimani, maana mnara umetengenezwa. Walikubali wote. Mmoja alisema kwamba huko alikohamia ameshaanza kusahau upande wa malango, na kwamba akifa mimi niwaambie wanawe.

Kwa hiyo ile ahadi wameifungua wenyewe. Limebaki neno. Sikuombi ulitamke, Baba mkubwa, ndiyo maana sikukupigia. Najua unachobeba, na mimi ninakibeba: kila siku shuleni natia saini kwenye daftari la mahudhurio jina moja, na mwalimu mkuu ananitazama. Naomba tu uandike, nami nitaandika kwenye simu bila kusoma kwa sauti, kisha nitachoma karatasi.

Mama anakusalimia. Anauliza kama unakula.

Nolari


Endamarariek
14 Juni 2024

Mwanangu,

Ninakula.

Germana amekasirika na mimi. Alisema mbele ya Qamara, "Umefundisha watoto wa kata nzima kusoma kila neno lililoandikwa, hilo moja limekushinda?" Qamara akajifanya anatazama kuku. Nikamwambia Germana kwamba yeye ni mtu wa kabila jingine, hajui. Akasema, "Miaka yote hii nakupikia, leo ndiyo nimekuwa wa kabila jingine?"

Ana haki. Mimi ni Mkatoliki tangu ujana. Kila Novemba Felisiani, katekista wetu, anasoma majina ya marehemu wote wa kigango, na mimi nakaa benchi la mbele nikisikiliza bila kutikisika. Lakini hayo ni majina ya watu wengine.

Nilipotoka kwetu kuja huku kufundisha, nilidhani nimeyaacha mambo haya pamoja na rubega na rungu. Nimesoma vitabu vingi. Baadhi vilinieleza kwa nini watu wanaogopa majina ya wafu, na nilikubaliana na kila ukurasa. Kalamu ikifika kwenye herufi ya kwanza, mkono unasimama wenyewe. Sitetemeki wala silii. Unasimama tu.

Nimepata njia. Nitumie simu yenyewe kwa Omary. Nitaliandika mimi hapa, kwa kidole changu, lisifike nyumbani kwenu. Likifunguka nitakwenda kwa Issa azitoe sauti zote, kisha nikurudishie simu. Siku zinatosha tukifanya haraka.

Tajewo


Endamarariek
23 Juni 2024

Nolari,

Simu ilinifikia Jumatano. Nimejaribu. Neno limekataa. Huenda tulilibadilisha nami nimesahau, huenda programu imeharibika kwa kuwa haihudumiwi tena. Nairudisha leo kwa Omary.

Pole, mwanangu. Waambie wazee kwamba tulijaribu.

Tajewo


Kakesio
7 Julai 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Simu ilifika Alhamisi ya tarehe 27. Kabla sijaituma kwako mama alikuwa ameishonea mfuko wa kitambaa, akaushona mdomo wote kwa uzi ili vumbi la njiani lisiingie. Iliporudi aliupokea yeye. Akapitisha kidole kwenye mshono, taratibu, kama anavyokagua shanga.

"Mshono huu ni wangu," akasema.

Sikuelewa. Nikamwambia ndiyo, ni wako, ulishona wewe.

"Nolari. Hakuifungua."

Hakukasirika, usidhani hivyo. Akachukua kisu, akakata uzi, akanipa simu, akasema niiwashe. Nikamwambia tunahangaika bure, Juni inaisha na neno hatunalo. Akasema, "Ninalo."

Bibi alimwambia alipoolewa. Alimwita pembeni akamwambia, huyu mwanangu akikukasirikia, mwite hivi, atakuwa mtoto hapohapo. Mama anasema hakuwahi kulitumia. Hakukuwa na sababu, mumewe hakuwa mtu wa hasira.

Nilimuuliza kwa nini alinidanganya mwezi wa tano. Nilimuuliza vibaya, nilipaza sauti. Akasema, "Kwa sababu shemeji yangu yu hai. Wamezaliwa tumbo moja. Kama kuna mtu wa kulisema, ni yeye. Nilikuwa namsubiri."

Halafu akalisema. Mara moja tu. Niliandika, sanduku likafunguka. Tulipanda mlimani penye mtandao, mimi na simu na betri la gari la Mzee Supeet kwa ajili ya chaji, tukakaa huko siku mbili mpaka yote yakatoka. Yamo kwenye kadi mbili za simu. Hazina kufuli. Moja iko shuleni, nyingine sitaandika iko wapi.

Koko Nairoshi amesikiliza ya kwake. Alisema, "Huyu mwanamke anaongea sana, mnyamazisheni." Nilipozima akaniambia niwashe. Mahali alipotukana Mzee Supeet nimepafuta. Alisema kweli, panajulikana.

Tarehe mosi nililifungua tena sanduku nione. Lilikuwa tupu.

Sauti yako imo kwenye kadi. Ni fupi. Sijaisikiliza. Nilitaka kukurushia kwenye simu yako mpya, ingekufikia mara moja, ila mama amekataa. Anasema kitu kilichokuwa na kufuli kisipitishwe hewani uchi, na kwamba utaisikia huku au hutaisikia.

Kuna jambo sikutaka kuliandika. Mama alilisema lile jina mlango ukiwa wazi. Jirani alikuwa nje akikamua. Sasa wanawake wa bomani hawaendi naye mtoni. Anakwenda peke yake wakisharudi. Wanasema amemwita aliyeondoka, na kwamba akigeuka atakuja kwa nani. Watoto wao wamekatazwa kuingia kwetu. Hajalalamika hata kidogo. Anaamka, anakamua, anapika, ananiuliza nimefundisha nini. Ukimwambia pole anajibu, "Ya nini?"

Hakunituma niandike hayo.

Nolari


Endamarariek
14 Julai 2024

Mwanangu Nolari,

Mama yako ameusoma mshono sawasawa. Nilikaa na ule mfuko mezani siku nne. Mchana niliufunika kwa gazeti. Sikuufungua, na nilikuandikia uongo kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Sina maelezo ya kuongeza juu ya hayo.

Barua yako nimemsomea Germana yote, pamoja na mahali pa aibu yangu. Aliacha kupepeta. Akaniuliza, "Wanawake wamemtenga kwa kazi yako?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani, akatoka na koti langu la kanisani, akalitundika nje lipate hewa. Hakuniuliza kama ninakwenda.

Ninakuja. Omary anaondoka Jumatano alfajiri, na barua hii inatangulia na mtu wa pikipiki. Sijapita ile barabara tangu tulipohamishwa. Kila nilipotakiwa kuja kwenu nilipata shule, au mavuno, au goti, na baba yako ndiye aliyekuwa akija kwangu. Gari litapita ukingoni, na kule chini kutaonekana. Omary anasema asubuhi kuna ukungu, huenda nisione kitu. Nimemwambia kwamba tukikuta kuko wazi asimamishe, tukikuta ukungu apite.

Nikifika, waite wazee na wale wanawake, na jirani aliyekuwa akikamua. Nitasema mbele yao kwamba jina lile lilikuwa langu kulisema, kwamba niliulizwa kwa barua nikakaa kimya, na kwamba shemeji yangu alibeba mzigo wa mtu aliye hai na mwenye mdomo. Kama kuna wa kumpita njiani bila salamu, ni mimi. Nikishasema hayo nitakwenda naye mtoni mchana kweupe, nikibeba dumu, na wanaotaka kucheka mwalimu anayechota maji wacheke.

Ile kadi usiitoe siku hiyo. Najua umeingoja kuliko mimi, na wewe pia una haki ya kumsikia. Lakini niache kwanza nikae na mama yako, yeye kwenye kigoda chake, mimi chini. Sitamwomba alirudie lile jina. Nitamuuliza tu alilisema kwa sauti gani: kama mtu anayemkanya mtoto, au kama mtu anayemwita aliye mbali.

Baba yako mkubwa,
Tajewo